Karoti Zisizo na Udongo

Mwanaume alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, na viatu vyeusi vya kwendea harusini, wakati ile ilikuwa Jumamosi ya gulio, Ngara mjini, mvua imepiga asubuhi na tope limetapakaa kutoka stendi mpaka kwenye meza za wakulima. Alisimama mbele ya meza ya Claudia, akachagua karoti moja, akaivunja katikati, kah! Akaanza kutafuna huku akitazama watu, ametulia kama yuko jikoni kwa shangazi yake.

"We kaka," Claudia akamwambia, mkono kiunoni. "Hicho ulichoweka mdomoni kinauzwa."

"Naonja, dada."

"Unaonja nzima?"

"Nusu. Nusu nyingine hii hapa, chukua."

Anneth, muuza ndizi wa meza ya jirani, mwanamke ambaye habari ya Ngara ikizaliwa yeye ndiye mkunga, aliacha kupanga chane zake akageuka mwili mzima ili asipitwe.

Claudia hakuipokea ile nusu. Alimtazama yule mtu kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, na alipofika usoni akajuta kufika, maana uso ulikuwa unacheka na ulikuwa mzuri. Yeye mwenyewe siku hiyo hakuwa wa kubezwa. Kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, blauzi ya mikono mipana, kilemba kimelazwa upande mmoja kwa maringo. Na mbele yake beseni la karoti zilizooshwa zikatakata, zinateleza kama zimepakwa mafuta.

"Mbona zako safi hivi?" yule mwanaume akauliza. "Meza zote nilizopita, karoti zina udongo."

"Kwenu mnakula udongo?"

"Kwetu Biharamulo tunaosha nyumbani."

"Basi kwetu Kirushya tunaosha mtoni. Chakula hakiendi kwa watu kichafu. Mama yangu angenirudisha njiani nikitoka na karoti ina tope."

"Nimempenda mama yako."

"Mpende na ulipe."

Akajipapasa mifuko, akatoa simu. "Hela yangu iko humu. Nipe namba nikutumie."

Claudia akataja namba bila kufikiri. Alikuwa bado hajamaliza tarakimu ya mwisho Anneth alipopasuka kicheko mpaka ndizi zikamdondoka. "Kaingia mwenyewe! Jamani, kaingia mwenyewe mchana kweupe!"

Hela ikaingia, na jina likaja nayo kwenye ujumbe, maana siku hizi simu ndiyo inatambulisha watu. Wiston. Na dakika hiyohiyo namba ileile ikapiga, naye amesimama palepale mbele ya meza, simu sikioni.

"Halo?" Claudia akapokea, akijizuia kucheka.

"Halo, Mama Karoti. Nilitaka kuhakikisha inaita."

* * *

Mapenzi yao yalianza hivyo na yakaendelea hivyo, kwa simu na kwa utani. Wiston alikuwa dereva wa lori dogo la Kanta, makazi yake Nyakanazi pale njia zinapokutana na malori hayalali, na kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya watu kati ya Biharamulo na Ngara. Akiegesha Lusahunga, anapiga. Akifika Benako, anapiga.

"Mpenzi Karoti, umeamkaje?"

"Mpenzi nani? Umekula nusu karoti umeshakuwa mpenzi?"

"Ukinipa nzima je, nitakuwa nani?"

"Utakuwa mdaiwa."

Lakini sauti ilimlegea, na Wiston, mtu aliyezoea kusikiliza injini, alisikia. Kabla mahindi hayajabeba, ikawa kila Jumamosi Kanta inamngojea Claudia njia panda ya Kirushya. Zamani alipakia viroba vyake kwenye bodaboda, yeye juu ya viroba, goti nje, roho mkononi. Sasa alikaa mbele kama bibi harusi, kitambaa cha kufuma kimetandikwa kwenye dashibodi, redio inaimba, na dereva anamtazama yeye zaidi kuliko barabara.

"Tazama mbele, utatuua."

"Nikifa nakuangalia wewe, mama yangu hatalia sana."

Mara moja tu alimuuliza habari za kazi. Nyuma kulikuwa na mzigo wa watu umefunikwa turubai.

"Hiyo nini?"

"Mzigo."

"Wa nani?"

"Wa mwenyewe." Wiston akacheka. "Usinune, kipenzi. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Dereva akianza kutaja nani kapakia nini na kashusha wapi, wafanyabiashara wanamkimbia wote. Mimi nabeba, sisemi."

Claudia akaegemea kiti, ameridhika. Mwanaume asiyepeleka maneno, tena Ngara hii! Alimsimulia Anneth kama mtu aliyeokota dhahabu.

* * *

Sasa lile gulio lilikuwa na sharti lake, na sharti lilichorwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao mlangoni: KILA KINACHOUZWA HAPA KIMELIMWA NGARA. Walimu, manesi, watu wa ofisini, wote walifuata ubao ule. Walichoka kula vya lori, vilivyosafiri kutoka mikoa ya mbali vimebanwa kwenye magunia, na walikuwa tayari kulipa zaidi kidogo ili wale cha jirani. Tatizo mboga haitembei na cheti cha kuzaliwa. Basi wanunuzi wakajitungia cheti chao wenyewe: udongo. Karoti ikiwa na udongo mwekundu, wanasema hii imetoka shambani sasa hivi. Ikiwa safi, wanaigeuza mara mbili mbili.

Hapo ndipo Mama Domisiana alipowazidi wote. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani, mwenyeji wa Keza, muuzaji wa kwanza kuweka meza gulio lilipoanzishwa, na karoti zake zilivaa udongo utadhani zimekandikwa kama nyumba. Manesi walizigombea. Ila polepole, kwa sababu ya utamu, na kwa sababu Claudia alikuwa na maneno ya kumchekesha hata mnunuzi aliyefiwa, baadhi walianza kuhama meza.

Jumamosi moja saa ya watu wengi, Mama Domisiana akapanda juu ya kreti.

"Mwenyekiti! Mzee Anatory! Njoo uone mambo!"

Mzee Anatory, mwenyekiti wa gulio, alikuja na koti lake zito ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Watu wakasogea. Unajua watu wa gulioni, hata aliyekuwa anahesabiwa nyanya alizisamehe.

"Karoti za huyu binti zinashuka kwenye Kanta," Mama Domisiana alitangaza. "Kila Jumamosi, Kanta kutoka Nyakanazi! Na zitazameni. Safi kama sahani. Karoti gani ya shambani haina hata chembe ya udongo?"

"Shikamoo, mama," Claudia akasema kwanza, kwa sababu alilelewa. "Ninaziosha."

"Marahaba. Unaosha! Nani anaosha karoti ya kupeleka sokoni? Za lori ndizo zinakuja zimeoshwa!"

Minong'ono ikapanda. Nesi mmoja aliyekuwa ameshika fungu la Claudia akalirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

"Claudia mwanangu," Mzee Anatory akauliza, "hilo gari ni la nani?"

"La mchumba wangu."

Neno lilimtoka kabla halijapata ruhusa. Wiston mwenyewe alikuwa hajalisikia bado. Anneth akapiga kigelegele, kisha akakumbuka walikuwa kwenye ugomvi, akakimeza nusu.

"Na mchumba anakuletea karoti?"

"Ananibeba mimi na karoti zangu kutoka Kirushya, mzee."

"Tutajuaje?" Mama Domisiana akadakia. "Hata mwenyewe si wa kuota hapa! Mama yake kaletwa mgongoni na wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto, leo binti ndiye anatufundisha cha Ngara ni kipi?"

Watu wakainamisha vichwa. Kuna maneno ambayo watu huyasema ndani ya nyumba, na yakitoka nje kila mtu anatazama viatu vyake. Claudia hakutazama viatu. Alifunga upya kilemba, taratibu, kidevu kikiwa juu.

"Mama Domisiana, karoti zangu zinyanyase utakavyo, karoti hazina masikio. Mimi nimezaliwa Kirushya. Kitovu changu kimezikwa chini ya mgomba wa Kirushya, na mgomba huo umezaa na kuzaa na ndizi zake mmekula humuhumu gulioni. Mama yangu alikuja mgongoni, ndiyo. Amelima hapa mpaka mgongo wake mwenyewe umepinda. Sitoki kwenye meza hii."

"Hakuna aliyesema utoke," Mzee Anatory akaingilia, akijifuta jasho. "Ila meza inafungwa leo. Jumamosi ijayo mwenye gari aje mbele ya kamati, aseme alichobeba na alikokitoa. Akithibitisha, utauza. Asipothibitisha, mwanangu, ubao wetu hauna mchezo."

* * *

Alimpigia palepale nyuma ya vibanda vya mitumba, mgongo ukutani.

"Mchumba wangu anaendeleaje?" Wiston akaanza, maana habari ilikwishamfikia Benako. Anneth alikuwa na simu pia.

"Wiston, sina utani. Jumamosi uje useme umenibeba kutoka Kirushya. Maneno mawili tu."

Injini ikasikika ikizimwa.

"Halo?"

"Nipo."

"Sasa?"

"Claudia... nikisimama pale wataniuliza mengine."

"Mengine gani?"

"Ninambebea nani mwingine karoti."

Alisikia lori likipiga honi upande wa pili wa simu. Vikamjia kichwani vyote kwa pamoja: turubai, mzigo wa mwenyewe, na karoti zile nyekundu zilizokandikwa.

"Unambebea Mama Domisiana."

"Mimi sijasema jina."

"Umenikalisha kwenye gari moja na karoti zake?"

"Hapana! Za kwake nashusha Ijumaa, kona ya kwenda Keza. Tangu kabla sijakujua, Claudia. Ni mteja. Nilikwambia, mimi nabeba, sisemi. Nikimtaja yeye, Jumatatu hakuna mfanyabiashara wa Nyakanazi mpaka Ngara atakayenipa hata kiroba cha chumvi."

"Na mimi?"

"Wewe nakupenda."

"Unanipenda kimyakimya! Nimesimama pale natukanwa mimi na mama yangu, na wewe unajua. Ulijua kila Jumamosi. Ukila karoti zangu, ulijua!"

"Nisikilize, mpenzi..."

"Baki na kimya chako, Wiston. Kimekulea, kitakuzika."

Akakata. Akaizuia ile namba. Alipopigiwa kwa namba nyingine jioni akapokea, akasema, "Huyu unayemtafuta si wa kuota hapa," akakata tena.

* * *

Wiki ile kila mtu alikuwa na ushauri wa bure. Anneth alikuja mpaka Kirushya kuuleta wake, akakaa kwenye jiwe kando ya kijito wakati Claudia na mama yake wakifanya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: karoti zinatiwa kwenye kiroba, kiroba kinalazwa kwenye maji yanayokimbia, unapandisha nguo, unaingia, unakikanyaga na kukigeuza kwa miguu mpaka karoti zisuguane zenyewe. Maji yanatoka mekundu, baadaye ya kahawia, mwisho meupe.

"Shoga, mimi nakwambia kwa mapenzi," Anneth akasema. "Acha kuosha. Zipeleke na udongo wake, tena ongeza kidogo. Nani atakuuliza?"

"Karoti ya kwangu niipakaze udongo ili ifanane na ya kwangu?"

"Ndiyo biashara."

"Huo ni wazimu."

Mama yake, Nyirabahizi, alikuwa ameinama kwenye maji. Hakuwa mtu wa maneno mengi kwa Kiswahili. Cha kwake alijifunza sokoni na kanisani na alikitumia kwa uangalifu. "Nilipokuwa mdogo," alisema, "tulipelekewa chakula kambini kimejaa mchanga. Mama yangu akasema, siku tukipata shamba letu, hatutampa mtu mchanga. Tulipata shamba." Akanyoosha mgongo pale ulipokubali kunyooka. "Ukiwapa mchanga, utakula kwenye nyumba nyingine, si hii."

Claudia akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akatazama bonde, matuta ya karoti yakifuatana kijani mpaka kwenye migomba, majani yake laini yakiyumba. Akaacha kukanyaga.

"Mama, hizi tunazitoa. Zote za kiroba hiki tutakula sisi na sungura. Za Jumamosi hatung'oi."

"Utauza nini?" Anneth akashangaa.

"Nitauza shamba."

* * *

Jumamosi alifika gulioni kwa bodaboda, amekaa upande, hana kiroba, hana beseni. Alivaa gauni jekundu la kanisani na hereni ndefu. Akasimama nyuma ya meza tupu kama mgombea. Kamati ilikuwa imekwisha kaa, Mzee Anatory na koti lake katikati, na Mama Domisiana pembeni na karoti zake zilizokandikwa vizuri kuliko siku zote.

"Mwenye gari yuko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Sijaja na mwenye gari."

"Basi shahidi wako nani?"

"Karoti." Claudia akageukia watu, akapaza sauti mpaka kwa wauza mitumba. "Karoti zangu leo sikuzileta. Ziko ardhini, Kirushya. Anayetaka kujua kama ninalima, aje ang'oe kwa mkono wake. Manesi njooni, walimu njooni, kamati nzima njooni. Na tukitoka kwangu, tunakwenda kwa kila mwenye karoti hapa gulioni. Ubao unasema kila kinachouzwa, haukusema cha Claudia peke yake."

Gulio zima likafanya, "Ahaa!" Macho yakahama kama kwenye mpira, yakatua kwa Mama Domisiana, ambaye ghafla alikuwa na kazi ya kupanga kilichokwisha pangwa.

"Mbali," mwenyekiti akasema. "Watu wote hawa, kwa gari gani?"

Honi ikajibu. Kanta ilikuwa inarudi kinyumenyume taratibu kati ya meza, ubao wa nyuma umeshushwa, bila turubai, bila mzigo, imefagiliwa. Wiston akashuka. Shati jeupe lilelile, ila siku hiyo pasi ilikuwa haijapita, na macho yalikuwa ya mtu aliyelala vibaya wiki nzima.

"Sikukuita," Claudia akamwambia.

"Najua."

"Nimekuzuia kwenye simu."

"Najua hilo pia. Nimenunua laini tatu."

Anneth, aliyempelekea habari zote za wiki ile, akaziba mdomo kwa khanga. Mama Domisiana, aliyeona mlango wa kutokea, akaukimbilia. "Hilo! Si ndilo gari lenyewe? Ndilo linalomletea karoti!"

"Ndilo lenyewe, mama," Wiston akasema. "Shikamoo. Na wewe unalifahamu kuliko watu wote hapa, kwa sababu kila Ijumaa nashusha viroba vyako kona ya Keza. Karoti za mbali, zimeoshwa, safi kama sahani. Udongo unapaka mwenyewe." Alijua anachokivunja, pembeni walisimama wafanyabiashara wawili waliokuwa wakimpa mizigo, na mmoja alikwisha geuka kuondoka. "Huyu binti nimembeba kutoka Kirushya kila Jumamosi, yeye na karoti zake. Nilitakiwa kusema wiki iliyopita. Niliogopa."

Zogo lililoibuka hapo halisimuliki. Nesi mmoja alisugua karoti ya Mama Domisiana kwenye kiganja, udongo ukatoka kama poda. Watu wakaanza kumpigia Claudia makofi, uza mwanangu, uza, umeshinda. Mzee Anatory akasimama kutangaza kwamba shauri limekwisha.

"Halijaisha," Claudia akasema.

"Mwanangu, shahidi kasema."

"Kasema, nimemsikia. Lakini mimi sitaki kuaminiwa kwa sababu mwanaume amefungua mdomo. Leo atasema ninalima mtaniamini, kesho tukikosana atasema silimi mtaamini. Pandeni garini. Mtang'oa."

Wakapanda. Walimu wakapandishwa kwa kusukumwa, manesi wakavua viatu vya visigino, Anneth akapanda wa kwanza asije akasimuliwa. Hata Mama Domisiana alipanda. Wengine walisema alilazimishwa. Ukweli ni kwamba alipanda mwenyewe, uso mgumu, kwa sababu kubaki peke yake kwenye gulio tupu kulimshinda. Claudia alikataa kiti cha mbele. Alisimama nyuma na watu wake, gauni jekundu likipepea, na kwenye kila kona wakulima waliosimama pembeni mwa njia waliuliza kuna harusi ya nani.

* * *

Nyirabahizi aliona watu wakimwagika uani kwake akashika kichwa. "Yoo! Na vikombe sina!" Kisha uso ukachanua, maana nyumba iliyojaa ilikuwa ndoto yake ya siku zote, akaanza kugawa mtobe, kinywaji cha ndizi, kwa vikombe, vibakuli, mpaka kwenye kifuniko cha chupa ya chai.

Bondeni, Mzee Anatory alivua koti. Watu waliomjua miaka mingi wakasema hawajawahi kumwona mabega. Akainama kwenye tuta, akashika majani, akavuta. Karoti ikatoka ndefu, ina udongo mwekundu wa kweli, ule wa unyevu unaoganda na kunukia mvua. Akaielekeza mdomoni.

"Mzee!" Nyirabahizi akapiga kelele kutoka juu. "Huko hakuna maji? Osha!"

Bonde lote likacheka. Mwenyekiti akaenda kuosha kama mtoto.

Ndipo watu wote wakaingia matutani, kila mmoja akang'oa zake, na hakukuwa tena na lolote la kuamua. Mama Domisiana peke yake alisimama kando ya kijito. Claudia akamfuata. Alikuwa na maneno aliyoyapika wiki nzima, makali, ila alipomkuta anatazama matuta yale kwa macho ya mkulima, yakapungua moto.

"Yangu yalikuwa kama haya," mama yule akasema bila kugeuka. "Maji yalipanda bondeni kwetu yakafagia mpaka mbegu. Nilikuwa na meza. Nilikuwa na jina. Ningeweka nini juu ya meza? Wewe unakaa na dereva wangu kila Jumamosi, nikajua siku moja atakwambia. Nikakuwahi."

"Pole kwa shamba, mama. Uza za lori. Mimi sina ugomvi na lori, watu lazima wale. Ila sema ni za lori."

"Nani atanunua?"

"Kwa sauti yako ile? Utawauzia hata mawe." Kisha akakaza macho. "Lakini lile neno la kuota, lile uliliambia gulio zima. Nalo utalirudisha mbele ya gulio zima. Sio hapa kando ya maji mimi na wewe."

Mama Domisiana akatazama mteremko unaopanda uani. Ilikuwa ngumu kumeza, na hakuimeza kwa tabasamu. Lakini alipanda ule mteremko mpaka uani, akasimama mbele ya Nyirabahizi na gulio zima lililokwisha rudi kwenye vikombe vyake, akasema kwa sauti ileile ya kanisani iliyomtukana, "Mama, nilikosea. Mtoto wako ni wa hapa, na wewe ni wa hapa." Nyirabahizi akamtazama, akasema, "Ego," ndiyo yake ya nyumbani, akamjazia kifuniko cha mtobe. Mengine yangechukua muda wake.

Wiston alikuwa bado amesimama karibu na Kanta, mbali na matuta, mikono mifukoni. Simu yake ilikuwa imeita njia nzima na kila aliyepiga alifuta mzigo wake. Claudia akaenda akasimama mbele yake.

"Mizigo imebaki?"

"Haijabaki. Kuna mfanyabiashara mmoja wa maharage Nyakisasa, na huyo bado hajasikia."

"Unajuta?"

"Najuta wiki moja niliyochelewa." Akainua macho. "Uliniita mchumba mbele ya watu, mimi sipo. Nimesimuliwa na Anneth. Je, neno bado lipo, au ulilirudisha nyumbani?"

"Lipo. Limekasirika."

"Nije na wazee wangu wazungumze nalo?"

Claudia aliinama akaokota kiroba kilichojaa karoti zenye udongo, zilizong'olewa na watu, akamtupia kifuani. Shati jeupe likapata ramani nyekundu mpaka kwenye kola.

"Vua viatu, dereva. Ingia majini."

Akavua. Akakunja suruali, akaingia kwenye maji baridi kwa kelele, akaanza kukanyaga kiroba vibaya, anateleza, anashikilia hewa, na watu wakaja ukingoni kuona mkwe anavyotahiniwa. Anneth akawa mwamuzi. Nyirabahizi akamsahihisha kutoka juu kwa mikono, geuza, geuza. Maji yakatoka mekundu, yakatoka ya kahawia.

Mzee Anatory akamsogelea Claudia, kashika koti mkononi. "Mwanangu, Jumamosi ijayo meza ni yako. Ila kwa ajili ya wateja, ungeacha udongo kidogo tu. Kidogo. Wanapenda."

"Hapana, mzee."

"Hata kwenye majani?"

"Nitaziosha mpaka uzitumie kujitazamia. Asiyeniamini, njia ya Kirushya anaijua sasa."

Kijitoni, maji yalikwisha kuwa meupe. Wiston akainua kiroba begani, analoa, anacheka, akapanda mpaka alipo.

"Wazee waje lini?"

"Waje na jembe la posa, kama desturi. Jembe la kulimia, siyo la kupakwa rangi na kutundikwa ukutani. Na nikuulize jambo moja, Wiston, na leo sitaki kimya." Akamfuta udongo shavuni kwa kidole gumba. "Ngara hii wakikuuliza mke wako ni wa wapi, utasemaje?"

"Nitasema ni wa hapahapa."

"Sikusikii."

Wiston akageukia bonde, ameshika kiroba kwa mkono mmoja, akajaza kifua, akapaza sauti mpaka wale waliotangulia kupanda garini wakageuza shingo:

"Wa hapahapa!"